Mkono wako si mkono wa jirani

Safari hii tunawapeleka mahali padogo sana pa mwili: pale mtu anapovaa saa. Baadhi yetu hupaita kiwiko, na wengine kiwiko kwao ni pale mkono unapokunjwa. Ili tusipotezane njiani, humu tutasema kifundo cha mkono kwa pale pa saa, na kiwiko kwa pale pa kukunjia.

Tumepachagua kwa sababu ndipo panga linapopenda kuangukia. Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ni shida kupata nyumba isiyo na panga. Mtu anakata mgomba, mkono wa kushoto umeshika, wa kulia unapiga, panga linateleza. Mwingine anabeba bati jipya siku ya upepo. Mtoto ametumwa mafuta, anajikwaa na kuiangukia chupa. Kidonda kinaonekana kidogo, sentimita mbili au tatu, kinashonwa nyuzi nne na kinapona vizuri. Miezi mitatu baadaye mwenyewe anaona kwamba hawezi kufunga kifungo cha shati, hawezi kushika sindano wala kuchambua mchele, na nyama ya chini ya gumba imenywea. Ngozi imepona, lakini nusu ya mkono haifanyi kazi. Hapo watu huanza kumtafuta mchawi, au kumlaumu mganga aliyeshona.

Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mshipa wa fahamu ulikatika siku ile ile ya kwanza na hakuna aliyejua. Tunataka tueleze jinsi jambo kubwa namna hiyo linavyoweza kupita bila kujulikana, hata mbele ya macho ya mtaalamu. Sababu mojawapo ni kwamba mishipa ya fahamu ya mkono haikupangwa sawasawa kwa watu wote.

Jaribuni nyumbani

Kaa chini, geuza kiganja kitazame juu. Gusanisha ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Kwa wengi wenu itainuka kamba nyembamba katikati ya kifundo. Hiyo ni kano. Waite watoto, mwite na babu, wote wajaribu. Katika ukoo mkubwa anaweza kupatikana mmoja ambaye kamba hiyo haimo kabisa, au imo mkono mmoja tu. Si mgonjwa wala hakurogwa, na jembe hulishika kama wewe. Kwetu Afrika wasio nayo ni wachache. Ulaya ni wengi zaidi. Madaktari wa upasuaji wanaipenda sana kano hii, maana wanaweza kuitoa na kuipandikiza mahali penye kano iliyoharibika, na mwenye nayo asipungukiwe kitu.

Basi, ikiwa kamba inayoonekana kwa macho inaweza kuwepo kwa mmoja na kukosekana kwa ndugu yake wa tumbo moja, tusishangae kusikia kwamba nyuzi za ndani zaidi nazo zinatofautiana. Tena chini tu ya kamba hiyo, milimita chache, unapita mshipa wa fahamu ambao kwa maoni yetu ni wa thamani kuliko yote ya kiganja.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu lugha yetu inaweza kutuponza. Neno mshipa tumelibebesha mengi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, na wazee wetu huita hata ngiri mshipa. Mshipa wa damu ni bomba. Kano ni kamba inayovuta kidole. Mshipa wa fahamu ni kama waya wa simu: unapeleka juu kwenye ubongo habari za joto, baridi na maumivu, na unaleta chini amri za misuli. Kwenye kidonda chenye damu, kano na mshipa wa fahamu vyote ni vyeupe na vinafanana. Imewahi kuandikwa katika vitabu vya upasuaji kwamba mshipa wa fahamu ulishonwa kwa kano, waya ukaungwa na kamba.

Mishipa ya fahamu ya kifundo ni mitatu. Wa kwanza ni huo wa kati. Unaleta hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, na unaendesha nyama nene ya chini ya gumba, ile inayokuwezesha kulileta gumba mbele ya vidole vingine na kushika mpini. Wa pili unapita upande wa kidole cha mwisho, ubavuni kabisa mwa mshipa mkubwa wa damu. Unaleta hisia kwenye kidole hicho na nusu ya pili ya kidole cha pete, na unaendesha sehemu kubwa ya misuli midogo inayotanua na kubana vidole. Wa tatu uko upande wa gumba, na pale kwenye kifundo kazi yake ni hisia za ngozi ya mgongo wa mkono tu.

Handaki lisilo na nafasi

Mifupa minane midogo ya kifundo imejipanga kama mtaro, na juu ya mtaro umetandazwa utepe mgumu kama paa. Ndani ya handaki hilo zinapita kano 9 pamoja na mshipa wa kati. Ni kama Hiace siku ya gulio, hakuna nafasi ya mtu kuvimba.

Ndiyo maana kitu chochote kikivimba humo, anayebanwa ni mshipa. Mama mjamzito mwenye maji mengi mwilini, mgonjwa wa kisukari, mwenye tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, aliyevunjika kifundo mfupa ukaunga vibaya, anayefanya kazi ya kukunja na kukaza kifundo kutwa nzima: hao wote wanaweza kuamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi, unawaka kama umechomwa na upupu, mpaka waukung'ute ndipo upate nafuu. Dalili inayosaidia sana ni kwamba kidole cha mwisho hubaki salama, maana mshipa wake haupiti ndani ya handaki hilo. Akina mama wengi hupona wenyewe baada ya kujifungua. Wengine husaidiwa kwa kufunga kifundo kwa kibao chepesi wakati wa kulala kisijikunje, au kwa sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe inayochomwa na daktari anayeijua. Wakizidiwa, paa la handaki hukatwa ili mshipa upate nafasi. Ni upasuaji mfupi, na unafanyika kwa kutia ganzi mkono peke yake.

Ni mfupi, lakini wenyewe una mtego. Kutoka kwenye mshipa wa kati linachipuka tawi dogo linalokwenda kwenye nyama ya gumba. Tawi hilo likikatwa, gumba linapoteza nguvu ya kusogea mbele ya vidole. Sasa linapita wapi? Kwa watu walio wengi linatoka nje ya handaki kwanza, halafu linageuka nyuma kuelekea gumba. Kwa wengine linachipuka likiwa bado chini ya paa. Kwa wengine, wachache lakini wapo, linatoboa paa lenyewe na kupita katikati yake, na hao ndio walio katika hatari daktari anapolikata paa hilo.

Mwaka 1977 daktari Mjerumani wa upasuaji wa mikono, Ulrich Lanz, alitoa maelezo yaliyotokana na mikono 246. Alizipanga tofauti alizozikuta katika makundi manne: njia za tawi la gumba, matawi ya ziada mwishoni mwa handaki, mshipa unaogawanyika mara mbili mapema kabla ya wakati wake, na matawi yanayotoka kabla ya kuingia handakini. Pamoja na mshipa uliogawanyika mapema mara nyingine huonekana mshipa wa damu unaosindikizana nao. Huo ni mshipa ambao mtoto huutumia akiwa tumboni mwa mama yake, na kwa kawaida hunyauka kabla hajazaliwa. Kwa baadhi ya watu hubaki mpaka uzee. Asiyetegemea kuukuta atashtukia damu imejaa kote.

Kwa ajili hiyo wapasuaji wa mikono wana mazoea machache wasiyoyaacha. Mkono hufungwa kwa juu na mfuko wa kujaza upepo kama ule wa kupimia presha, ili damu isiingie kwa muda na kila uzi uonekane. Paa hukatwa kwa upande wa kidole cha mwisho, mbali na gumba, na kwa kuona, si kwa kupapasa. Hata kabla ya kufika kwenye paa kuna tawi jingine dogo la ngozi ya kiganja, linaloachana na mshipa mkubwa kiasi cha sentimita 5 juu ya kifundo na kupita juu ya paa. Likikatwa, kovu linaweza kuuma miaka. Mgonjwa anayeona kovu lake ni refu kuliko la jirani aliyepasuliwa mahali pengine asidhani ameonewa. Kuna nyakati ambapo kovu refu ndilo lililomwezesha daktari kuona.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mchoraji wa Kiitalia, Pietro Berrettini wa Cortona, aliyechora dari za majumba na makanisa ya Roma, alichora pia miili iliyopasuliwa kwa ajili ya waganga, mnamo mwaka 1618. Michoro hiyo ilichapishwa mwaka 1741, yeye akiwa amekwisha kufa zamani. Katika kiganja kimoja alionyesha uzi mwembamba unaounganisha mshipa wa kidole cha mwisho na mshipa wa kati. Leo madaktari wanauita uzi huo kwa jina lake, na wamekuta kwamba watu wengi wanao. Uko karibu sana na mwisho wa paa la handaki, kisu kikipitiliza unaweza kukatika. Mchoraji alichora alichokiona, nasi tunamsifu kwa hilo.

Mshipa unapomdanganya mganga

Turudi sasa kwenye panga. Mtu amekatwa kifundoni, amefika zahanati au hospitali. Mganga anamwambia asogeze gumba, na gumba linasogea. Anaandika kwamba mshipa ni mzima. Je, ni kweli?

Si lazima. Kwa baadhi ya watu kuna daraja ndani ya kiganja linalotoka kwenye mshipa wa kidole cha mwisho kwenda kwenye nyama ya gumba. Kwa mtu huyo mshipa wa kati unaweza kuwa umekatika kabisa, na gumba likaendelea kupata amri kwa njia ya panya. Liko daraja jingine juu zaidi, katikati ya kiwiko na kifundo, linalovusha nyuzi kutoka mshipa wa kati kwenda kwenye mshipa wa kidole cha mwisho. Aliyelieleza kwanza ni Msweden Roland Martin, mwaka 1763, na karibu mtu mmoja kati ya watano analo. Mwenye daraja hilo akikatwa mshipa wa kidole cha mwisho karibu na kiwiko, misuli kadhaa ya kiganja bado itatii, na anayempima atatulia bure. Na ule uzi wa yule mchoraji nao unaweza kupeleka hisia kwenye kidole ambacho, kwa mujibu wa kitabu, kingekuwa na ganzi.

Dawa ya udanganyifu huo ni rahisi, haina gharama, na nusu yake iko mikononi mwa mgonjwa. Mahali ambapo madaraja haya hudanganya mara chache ni ncha mbili: ncha ya kidole cha shahada kwa mshipa wa kati, na ncha ya kidole cha mwisho kwa mshipa wa pili. Guseni ncha hizo kwa upole kwa pamba au kwa kona ya kitambaa, mgonjwa akiwa amefumba macho, na mfananishe na mkono mzima. Akisema hasikii, au anasikia kama amevaa glavu, jambo hilo lisemwe waziwazi kwa mganga KABLA ya sindano ya ganzi. Baada ya sindano, ganzi ya dawa na ganzi ya mshipa uliokatika hazitofautishiki tena, na kipimo hicho kitakuwa kimepotea mpaka dawa iishe.

Wazee wetu wana desturi ya kunyamaza mbele ya daktari, na kijana aliyekatwa huona aibu kuonekana analalamika. Hapa kunyamaza hakufai. Mganga anaona damu na kano. Ganzi haionekani kwa macho, anayeijua ni mwenye mkono. Mtoto mdogo hawezi kueleza, lakini mama anaweza kuona. Mkono uliolowekwa majini muda mrefu hunyauka ncha za vidole. Ncha zisizo na fahamu hubaki laini.

Njiani kwenda hospitali, bana kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu, na mkono uinuliwe juu ya kiwango cha moyo. Damu nyingi za kifundo hukubali kwa kubanwa hivyo. Msifunge mpira wa baiskeli juu ya mkono na kuusahau saa nzima nzima mkisubiri gari, na msiweke majivu, unga wa kahawa wala kinyesi cha ng'ombe. Na mtu asiingize koleo wala uzi kidondani kubahatisha kuikamata damu. Tulisema mshipa wa kidole cha mwisho unakwenda ubavu kwa ubavu na mshipa wa damu. Anayekamata bila kuona huweza kuponda vyote viwili, na aliyekuja na mshipa mzima akaondoka hana.

Kushona mshipa wa fahamu si kazi ya usiku kwa taa ya mkono. Hospitali zetu za Rulenge, Murgwanza, Nyamiaga na Biharamulo zinaweza kusafisha kidonda, kuzuia damu, kumkinga mtu na pepopunda na kufunga ngozi. Hakuna aliyechelewa kwa siku hiyo moja. Mshipa uliokatwa safi unaweza kuungwa siku chache baadaye, hata wiki chache, mbele ya mpasuaji mwenye nyuzi nyembamba na miwani ya kukuza. Anayechelewa ni yule anayekaa nyumbani mwaka mzima, maana misuli isiyopata amri kwa mwaka na zaidi hugeuka kuwa kovu, na hata ukiungwa mshipa hairudi.

Mkipewa rufaa, mwombe mganga aandike kwenye barua tarehe ya kuumia, vidole vipi vilikuwa na ganzi siku ya kwanza, na kilichoonekana kidondani. Barua ya namna hiyo ina thamani kubwa kule inakokwenda. Bugando, hospitali ya rufaa ya maaskofu Katoliki kule Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mbali na Ngara. Lakini tangu mwaka 2025 magari yanavuka daraja la Kigongo-Busisi, na safari haisubiri tena kivuko. Kwa watu wa Biharamulo iko pia hospitali ya kanda ya Chato. Ulizeni kwanza hospitali ya wilaya ni wapi kwa sasa yupo daktari wa mikono au wa mifupa, msije mkauza mbuzi kwa nauli ya kwenda kupangiwa tarehe.

Sindano, uvimbe na ganzi isiyo na kidonda

Ule mshipa wa tatu, wa upande wa gumba, upo juujuu chini ya ngozi na matawi yake kila mtu ana yake. Jirani yake ni mshipa wa damu mnene unaovutia kutundikia dripu. Ukichomwa hapo ukasikia kama shoti ya umeme imekimbia mpaka gumbani, mwambie muuguzi papo hapo aitoe sindano na kutafuta mahali pengine. Hatakasirika, na akikasirika, mwambie tena.

Kuna na ule uvimbe wa mviringo, mgumu kama punje ya njugu mawe, unaoota kwenye kifundo cha vijana. Kwa kawaida hauna ubaya na mara nyingi huondoka wenyewe. Wako wanaoupiga kwa kitabu kizito, nasi hatuwasifu. Wako wanaokwenda kuchanjwa au kukatwa kwa wembe mitaani, na hao tunawaombea waahirishe safari, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuwa umelala juu ya mshipa, na aliyeshika wembe hajui mshipa wa mkono huu unapita wapi.

Na kama ganzi imekuja bila jeraha lolote, hasa ikiwa kuna baka kwenye ngozi lisilosikia, nendeni mkapimwe ukoma. Tanzania ilifikia kiwango cha kutokomeza ukoma kitaifa mwaka 2006, lakini wagonjwa bado wanapatikana, na dawa ni bure. Ugonjwa huo unapenda mishipa hii hii ya kiwiko na kifundo.

Mshipa ukishaungwa

Mgonjwa akirudi nyumbani na mshipa ulioungwa, asitegemee kusikia kesho. Mshipa wa fahamu humea kiasi cha milimita moja kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Pima kwa rula kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, ugawe kwa tatu, utapata miezi ya kungoja. Ongeza na mwezi mmoja wa kuanzia. Wakati huo wote vidole havijui moto. Asiepue sufuria kwa mkono huo, asishike kaa, na kila jioni avitazame kwa macho kama kuna lengelenge. Vidole vikunjwe na kunyooshwa kila siku kama alivyoelekezwa ili viungo visigande.

Upo na mchezo mmoja wa kusaidia kungoja, ambao watoto wa nyumba wataupenda. Kuanzia vidoleni, gonga polepole kwa kidole kimoja kufuata njia ya mshipa kurudi kwenye kovu. Patafika mahali mgonjwa atasikia mchomo kama wa umeme ukikimbilia vidoleni. Hapo ndipo nyuzi changa zilipofika. Weka alama kwa kalamu, andika tarehe kwenye daftari na umbali kutoka kwenye kovu. Mwezi ujao gonga tena. Alama ikisogea mbele, mshipa unamea. Ikibaki palepale miezi miwili au mitatu, daftari hilo lipelekwe kwa daktari aliyeushona.